Hela imekatwa benki, duka linasema halijaona: jinsi ya kujua malipo yamekwama wapi

Mimi nakaa upande wa duka. Tunauza betri za sola, inveta na vikorokoro vyake, wateja wengi wako mikoani na wanalipa moja kwa moja kutoka akaunti zao za benki, kwa intaneti benkingi au kwa aplikesheni ya benki kwenye simu, hawapiti kwa wakala. Kila asubuhi nafungua taarifa ya akaunti yetu naipitisha mstari kwa mstari na oda za jana yake, kwa hiyo malipo yaliyokwama nayaonaga sana na mengi yanakwama kwa sababu zilezile. Ninachotaka ushike kabla ya yote ni hiki: hela ikishatoka kwako haipotei hewani, inakuwa imesimama sehemu inayojulikana, kazi yako ni kujua ni wapi KABLA hujalipa tena. Wanaoumia sana ninaowaona sio wale ambao malipo yaligoma, ni wale waliolipa mara ya pili kwa haraka kisha wakakaa wiki wanafukuzia ile ya kwanza.

Njia yenyewe iko hivi. Inaanzia kwenye simu au kompyuta yako, inaingia benki yako, inapita kwenye mfumo wa katikati unaounganisha mabenki, inafika benki ya duka, halafu mwisho kabisa kuna mfumo wa duka wenyewe unaosema oda fulani imelipiwa. Ukitaka kujua imesimama wapi anza na kitu kimoja tu, taarifa ya akaunti yako. Sio ile meseji ya benki, taarifa yenyewe, ingia uifungue. Kama kuna mstari wa makato na namba ya muamala basi hela imetoka kwenye akaunti yako, tatizo liko mbele. Kama salio unaloweza kutumia limepungua lakini hakuna mstari wowote, hiyo imeshikiliwa tu haijaondoka, na mara nyingi inajirudia yenyewe mfumo ukishafunga hesabu zake. Na kama salio halijaguswa kabisa, hujalipa, hata kama skrini ilikuandikia asante.

Imetoka kwako, duka halijaiona

Hii ndo kubwa, nitakaa hapa muda.

Swali la kwanza ni umelipa kwa njia gani. Watu wengi hawajui maana wanabonyeza tu "tuma benki nyingine" na kuchagua kilicho juu. Kama wewe na duka mko benki moja, hela inatakiwa ionekane hapohapo, haina sababu ya kuchelewa. Kama benki ni tofauti hapa Tanzania kuna njia tatu utakutana nazo. Kuna TIPS, ule mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo hapo unaounganisha mabenki na mitandao ya simu, huu unafanya kazi usiku na mchana na wikendi, hela inafika ndani ya sekunde au dakika. Kuna TISS, mfumo mwingine wa Benki Kuu wa kuhamisha hela benki kwa benki, upo tangu 2004, ndo unaotumika sana kwa hela kubwa, wenyewe unamaliza malipo moja moja palepale ila mabenki mengi yana saa ya mwisho ya kupokea maombi, na kuna benki ambazo mtu kabisa anatakiwa akae kwenye kompyuta aipitishe. Halafu kuna EFT, hii inakusanya malipo ya watu wengi inayapeleka kwa mafungu, kwa hiyo ni kawaida kuonekana siku ya kazi inayofuata.

Sasa chukua mtu kalipa kwa TISS Ijumaa saa kumi na moja jioni, Jumamosi asubuhi anapiga simu kwa hasira kwamba tumemla hela. Hatujamla, hela yake bado iko foleni benki kwake. Ukitaka mzigo utoke leo na kiasi kinaruhusu, chagua TIPS. Kama ni lazima TISS, fanya kabla ya saa sita mchana siku ya kazi, na usichague EFT kwa kitu cha haraka eti kwa sababu ada yake ni ndogo.

Kama muda wake umepita na bado haijaonekana, angalia namba ya akaunti uliyolipia. Iangalie kwenye risiti ya muamala maana ndo iliyotumika, usiangalie ile uliyonayo kwenye WhatsApp. Makosa ninayoyaona yanajirudia ni haya: sifuri ya mwanzo imeliwa, hasa kama duka lilikutumia ankara iliyotengenezwa kwenye Excel, Excel ikiona 0150 na kuendelea inaona ni namba ya kawaida inafuta ile sifuri ya mbele. Lingine ni herufi, kuna akaunti za CRDB zinaanza na 01J, hiyo J mtu anaisoma moja, au anaandika herufi O penye sifuri. Na kuna nafasi tupu, ukikopi namba kutoka kwenye meseji unakopi na nafasi ya mwishoni ambayo huioni, aplikesheni nyingine inakataa papo hapo, nyingine inaipeleka hivyohivyo na inakwenda kurudishwa mbele ya safari.

Akaunti ikiwa haipo au imefungwa, benki ya upande wa pili inairudisha hela. Kurudi kunachukua muda kuliko kwenda, na mara nyingi inarudi bila ile ada uliyokatwa. Ila namba uliyokosea ikiwa ni ya mtu mwingine halisi, hapo ni kesi nyingine, nenda benki kwako siku hiyohiyo maana benki ya aliyepokea haimchukulii mtu hela kwenye akaunti kwa simu yako tu, kwa kawaida inamtafuta mwenye akaunti aridhie. Ndo maana pale kabla ya kuthibitisha linapotokea jina la mpokeaji, LISOME. Watu wanabonyeza tu ndiyo ndiyo.

Na jina lenyewe lisikutishe likiwa tofauti na la bango. Duka unalijua kwa jina la kwenye Instagram, akaunti ina jina la kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa makampuni, au ina jina la kampuni inayokusanya malipo kwa niaba ya duka. Uliza duka kwanza, "akaunti yenu inasomeka jina gani?", wakikutajia lilelile unaloliona lipa. Jina la mtu binafsi kwenye duka linalojiita kampuni limited, hapo simama kwanza uulize vizuri.

Imefika, ila hatujui ni ya nani

Hili ni kosa la pande zote mbili na linakera kwa sababu hela iko ndani kabisa ya akaunti yetu na mzigo hautoki. Taarifa ya benki haionyeshi maelezo yote uliyoandika, inayakata. Wewe umeandika "malipo ya inveta moja na betri mbili oda namba 4471", mimi naona "MALIPO YA INVETA MOJA NA BE", basi, namba ya oda imebaki huko. Kuna siku ziliingia laki nane na nusu mbili, kiasi sawasawa, asubuhi ileile, moja kutoka Songea nyingine kutoka Mpanda, zote maelezo yanasema "malipo ya betri", na mmoja kati yao kalipa kwa akaunti ya mume wake kwa hiyo hata jina halikufanana na la kwenye oda. Mzigo ulikaa mpaka tulipopata namba ya muamala kutoka kwa kila mmoja.

Kwa hiyo kwenye sehemu ya maelezo ANZA na namba ya oda, halafu ndo useme mengine kama kuna nafasi. Namba ya oda ikitangulia, ikikatwa inakatwa salamu. Ukilipia kwa akaunti ya mtu mwingine liambie duka jina lake mapema.

Na ukija kudai, tuma vitu vinavyotafutika: namba ya muamala kama ilivyo kwenye risiti, tarehe na saa, kiasi, njia uliyotumia, jina la akaunti iliyotoa hela, na akaunti iliyopokea. Kama ni TISS omba benki yako ikupe nakala ya ujumbe wa malipo uliotumwa, watu wa benki wanaijua, ukiwa nayo benki ya duka haina pa kujificha. Skrinshoti ya meseji ya "umehamisha kikamilifu" haitusaidii sana, kwanza inatengenezeka, pili haina taarifa za kutosha. Usitume paswedi, PIN, wala zile namba za OTP, yaani namba za mara moja benki inazokutumia kuthibitisha malipo, kwa mtu yeyote wa dukani, hatuzihitaji kwa kazi yoyote ile.

Duka likipokea kupitia kampuni ya kati, wale wanaoweka kitufe cha kulipia kwenye tovuti ya duka, kuna kukwama kwa aina yake. Benki inawaambia ile kampuni "imelipwa", kampuni inatuma taarifa kwenye mfumo wa duka, sasa mfumo wa duka ukiwa umezima dakika ile taarifa inagonga ukuta na oda inabaki imeandikwa "inasubiri". Hela haina shida yoyote, ni taarifa tu haikupokelewa. Dawa ni duka kuingia kwenye akaunti yake kule kwa kampuni ya malipo na kuangalia kwa namba ya muamala, ni kazi ya dakika chache. Mwenye duka akikwambia "lipa tena ile itarudi yenyewe" kataa, mwambie aangalie kule kwanza.

Ukurasa wa malipo unazunguka tu au unarudi mwanzo

Hapa hujafika hata benki. Nyingi ya hizi zinaanzia Instagram, maana duka liko huko, unabonyeza linki unafunguliwa tovuti ndani ya Instagram yenyewe, unaenda kulipa, ukurasa unakurusha benki, benki inataka kukurudisha dukani na pale katikati ile brauza ndogo ya ndani ya Instagram inasahau wewe ni nani, kikapu kinakuwa kitupu. Bonyeza zile nukta tatu za juu uchague kufungua kwenye Chrome au brauza yako ya kawaida, uanze upya huko. Hii peke yake inatibu wengi.

Lingine ni bando. Una bando la mitandao ya kijamii, WhatsApp inaenda, Instagram inaenda, unajiona una intaneti, kumbe bando hilo halifungui kurasa za benki, ukurasa unazunguka mpaka unachoka. Weka bando la kawaida au vocha kidogo, jaribu kufungua tovuti nyingine yoyote, ikifunguka rudi ulipe.

Saa ya simu nayo. Simu ikizimika chaji au ukiwa umeichezea tarehe, saa ikiwa mbele au nyuma brauza inakwambia muunganisho sio salama, na kama benki yako inatumia namba za siri zinazotengenezwa ndani ya aplikesheni yenyewe zitakataliwa kila mara maana nyingi zinabadilika kila baada ya sekunde 30 kwa kufuata saa. Rudisha saa iwe ya kujiweka yenyewe kutoka kwenye mtandao.

Kama dirisha la benki halitokei kabisa, brauza imezuia madirisha yanayojifungua, ruhusu kwa tovuti hiyo. Ukishafika ukurasa wa benki usibonyeze kurudi nyuma, usifungue benki kwenye dirisha lingine wakati uleule, mifumo mingi inakutoa ikiona umeingia mara mbili. Ukikaa sana bila kugusa kitu inakutoa pia, kwa hiyo uwe na namba za akaunti na oda mkononi kabla hujaingia, sio unaingia ndo unaanza kutafuta meseji ya duka.

OTP haiji

Inakuja kwenye namba uliyosajili benki, sio namba unayotumia sasa hivi. Wenye laini mbili au tatu angalieni ni ipi, na kama ile laini iko kwenye kisimu kidogo nyumbani basi OTP inalia huko kabatini. Angalia pia kama uliwahi kuzuia meseji za matangazo, kuna simu zinatupa meseji za benki kwenye folda moja na za matangazo. Usiombe tena na tena kwa pupa, ukiomba tatu zinaweza kufika zote kwa mpigo na inayofanya kazi ni ya mwisho tu, wewe unaingiza ya kwanza inakataa, ukikosea mara kadhaa benki inakufungia huduma kwa muda. Omba moja, subiri, kama haikuja zima simu uiwashe, omba tena.

Walioko nje, Muscat, Dubai, huko Ulaya, hii inawasumbua sana kwa sababu laini ya Tanzania haipokei bila huduma ya kutumika nje, na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika mtandao unaweza kuifunga na kumpa mtu mwingine. Hapo ni hatari kweli, maana OTP zako zinaenda kwa mtu usiyemjua. Kama unasafiri muda mrefu ongea na benki kabla ya kuondoka, wengi sasa wana uthibitisho wa ndani ya aplikesheni au barua pepe. Kubadilisha namba ukiwa tayari uko nje ni usumbufu, mabenki mengi yanataka wewe mwenyewe tawini na kitambulisho cha NIDA. Ukitaka kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako piga *106#.

Inasema salio halitoshi wakati salio lipo

Mara nyingi halitoshi kweli. Mzigo ni laki tano, una laki tano na mia tano, lakini benki inakata ada ya muamala, juu ya ada kuna VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa, halafu kuna akaunti ambazo haziruhusu kushuka chini ya kiwango fulani cha kubaki. Acha nafasi ya elfu kadhaa juu ya bei. Kuna pia hela iliyoshikiliwa, malipo ya jana yaliyoshindikana nusu njia bado yamekaa, unaona salio la kitabuni kubwa na salio la kutumia dogo. Angalia la kutumia.

Kama salio lipo kabisa basi ni limiti. Kila huduma ina kiwango chake cha muamala mmoja na cha siku nzima, na aliyejisajili mwenyewe kwenye simu mara nyingi anapewa kidogo kuliko aliyejaza fomu tawini. Kuna aplikesheni unaongeza mwenyewe kwenye mipangilio, kuna ambazo lazima uende. Usigawe malipo vipande vipande bila kuliambia duka, kwetu vinaonekana kama oda nne zilizolipwa pungufu.

Wenzetu wa Kenya wanakutana na hilihili kwa sura nyingine, PesaLink, njia yao ya kutuma benki kwa benki papo hapo, inaishia shilingi 999,999 kwa muamala, ukizidi hapo unaingia RTGS, njia ya hela kubwa kama TISS yetu, na saa zake, na ukitoa benki kwenda M-Pesa unagonga 250,000 kwa muamala mmoja. Na huko ukilipa duka kutoka aplikesheni ya benki tofautisha Paybill na Till, aina mbili za namba za M-Pesa za kulipia biashara, Paybill inataka na namba ya akaunti, hapo ndo unaweka namba ya oda, Till haina sehemu hiyo.

Baadhi ya mifumo inakupa namba ya kosa yenye tarakimu mbili, nyingi zinatokana na mfumo wa kadi. 51 ni salio, 61 umezidi limiti, 91 benki yako au mfumo wake haupatikani kwa sasa, 68 jibu limechelewa, 05 benki imekataa bila kusema kwa nini na hapo mpigie benki. Ukiona 91 au 68 USIRUDIE papo hapo, hizo ndo zinazozaa makato mara mbili, angalia kwanza taarifa ya akaunti.

Kontrol namba inakataa

Kontrol namba, ile namba ya bili ya malipo ya serikali, ina tarakimu 12, nyingi zinaanza na 99, na malipo yake yanapita kwenye GePG, mfumo wa serikali wa kukusanya malipo ulioanza 2017. Ikisema namba haipo hesabu tarakimu kwanza. Kisha hakikisha uko kwenye menyu ya malipo ya serikali, maana shule binafsi na makampuni nayo yanapewa na mabenki namba zao za bili, hizo hazipatikani kwenye menyu ya serikali na nyingine zinafanya kazi benki hiyohiyo tu iliyozitoa. Ikisema imeisha muda omba nyingine kwa taasisi husika, benki haiwezi kuifufua. Ikikataa kiasi, ni kwamba bili nyingine zinataka kiasi kamili hadi shilingi ya mwisho, nyingine zinaruhusu kulipa kidogokidogo, na hilo limeamuliwa na aliyetoa bili. Na namba ikiwa mbichi kabisa, imetoka dakika hiihii, subiri kidogo ujaribu tena kabla hujaanza kulaumu.

Imekatwa mara mbili

Hakikisha kweli ni mara mbili. Mstari wa kwanza bei, wa pili ada, watu wanahesabu hizo mbili. Kama kiasi ni kilekile na namba za muamala ni mbili tofauti, zote zimetoka, uliza duka kama zote zimefika. Zikiwa zimefika zote mbili, aliye na hela yako ni duka, benki haina cha kurudisha, duka ndo likurudishie, kwenye akaunti ileile iliyotoa. Sisi haturudishii kwenye akaunti nyingine au namba ya simu hata mteja alie vipi, maana kuna matapeli wanatumia mlango huo kutoa hela za wizi. Ikifika moja na nyingine haijafika, ile nyingine iko kwa benki, fungua lalamiko kwa namba ya ule muamala ambao haukufika, sio kwa wote wawili, ukichanganya wanakujibu kwamba malipo yako yalifanikiwa.

Bei iko kwa dola, au duka liko nje

Kwa mzigo wa hapa nchini usihangaike, tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinazuia kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, kwa hiyo duka likupe bei ya shilingi na akaunti ya shilingi. Ukituma shilingi kwenye akaunti ya dola inaweza kurudishwa au kubadilishwa kwa kiwango ambacho hukukiona.

Duka la nje likiwa na kitufe cha kulipa kwa benki, hiyo ni ya benki za kwao. iDEAL ya Uholanzi kwa mfano inaunganisha benki za huko, yako ya Mwanza haimo, usitafute kosa kwenye simu. Unabaki na kadi au kutuma kwa SWIFT, mtandao wa mabenki wa kutuma hela nje ya nchi. Na ukituma SWIFT kwa muuzaji wa Guangzhou akasema imefika pungufu, angalia ulichagua nini kwenye ada: OUR unalipa ada zote wewe, SHA mnagawana ada wewe na mpokeaji, na benki za katikati zinakata njiani, BEN anakatwa yeye. Kama ankara yake inataka kiasi kamili chagua OUR.

"Akaunti yetu imebadilika, lipa hii"

Hii naiandika kwa uchungu maana hakuna hatua yoyote ya juu inayoitibu. Unapokea meseji au barua pepe inayofanana na ya duka, ankara ileile, oda yako ileile, akaunti tu ndo mpya. Mtu kaingia kwenye barua pepe ya duka au yako na amekuwa anasoma. Malipo ya kutoka akaunti kwenda akaunti hayana ule utaratibu wa kadi wa kupinga malipo na kurudishiwa, ukishathibitisha na kuweka OTP umetoa kwa hiari yako, na anayepokea anatoa hela ndani ya dakika. Namba ya akaunti ikibadilika piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, sio iliyo kwenye meseji mpya. Angalia na anwani ya tovuti herufi kwa herufi, ukurasa wa benki unaingia kwa kuandika mwenyewe au kupitia aplikesheni, sio kwa linki uliyotumiwa, na malipo ya serikali yanakaa kwenye go.tz. Kama umeshatuma, piga benki yako dakika hiyohiyo waombe benki ya pili ishikilie, halafu polisi. Meseji na namba za matapeli zipeleke 15040.

Benki inakuzungusha

Usiishie kupiga simu huduma kwa wateja. Andika, barua pepe au fomu ya tawini, na usiondoke bila namba ya lalamiko. Ukipiga simu tena unataja namba hiyo, huanzi hadithi upya. Uliza swali moja lililo wazi: muamala namba fulani wa tarehe fulani, je umepokelewa na benki ya pili, ndiyo au hapana, na kama hapana uko wapi. Swali la "hela yangu iko wapi" wanalijibu kwa "tunafuatilia".

Mwambie na duka lifungue lalamiko upande wa benki yake kwa namba hiyohiyo, mara nyingi benki inayopokea ndo inaona kwamba ile hela imekaa kwenye akaunti yao ya muda kwa sababu jina halikufanana, na kuitoa hapo ni kazi ya mtu mmoja aliyeombwa vizuri. Ikishindikana na una majibu yao ya maandishi, au wamekaa kimya, peleka Benki Kuu, kuna dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha na kuna mfumo wa Sema na BoT mtandaoni. Watakuuliza kama ulianza na benki yako, hapo ndo ile namba ya lalamiko, risiti ya muamala na taarifa ya akaunti inayoonyesha mstari wa makato vinapohitajika, vipeleke vyote kwa pamoja.